Kadi Mbili, Ngwe Mbili: Namawala Ndani ya Kompyuta za Watu

Ukitaja Ifakara mbele ya vijana wa Dar utajibiwa "mchele". Mwingine ataongeza mbu, na aliyewahi kupanda TAZARA atakumbuka alivyochungulia dirishani akaona bonde lisilokwisha. Sijawahi kusikia mtu akitaja kompyuta. Leo nataka kuitaja, na mnisamehe, itabidi tuzunguke kidogo kupitia kwenye geimu kabla hatujafika.

Sababu ni hii. Kuna jamaa niliyesoma naye ambaye amenunua kompyuta ya mtumba, dude kubwa lenye mafeni kama ya bucha, na ndani yake mna kadi mbili za michoro zilizounganishwa juu kwa kidaraja kifupi. Aliyemuuzia alimwambia kadi mbili ni nguvu mara mbili. Ubishi uliofuata ulitumaliza jioni nzima, nami kwa tabia yangu nikaenda kuchimba. Nilidhani nitaishia California. Nikaishia Namawala, wilayani Kilombero.

Tuanze na kadi. Kila picha unayoiona kwenye geimu huchorwa upya mara nyingi kwa sekunde moja. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, maana yake kila moja lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 16 na ushei. Kazi hiyo ni nzito kiasi kwamba kompyuta ilipewa mfanyakazi wa pembeni, ndiyo hiyo kadi ya michoro. Sasa mfanyakazi mmoja akizidiwa unafanyaje? Unaleta wa pili. Na hapa ndipo kazi inapoanza, maana kuleta wafanyakazi wawili ni rahisi, kuwagawia kazi ndiyo shughuli.

Mtu wa bonde la Kilombero hahitaji darasa juu ya hili. Shamba la mpunga likiwa kubwa unapima ngwe: huyu ngwe yake hii, yule ile, kila mtu ainame alime. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iliyoitwa 3dfx ilifanya hivyo hivyo na kadi yake ya Voodoo2. Skrini imejaa mistari ya mlalo, kutoka juu hadi chini. Kadi ya kwanza ilichora mistari ya witiri, ya pili ikachora ya shufwa, halafu picha mbili zikafumwa kuwa moja. Waliuita mpango huo SLI. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua kadi mbili aliweza kucheza Quake II kwa ukubwa wa nukta 1024 kwa 768, jambo ambalo wakati ule lilikuwa anasa. Kwa wengi wetu mwaka 1998 anasa ilikuwa kuiona kompyuta yenyewe.

3dfx haikudumu. Desemba 2000 mshindani wake, Nvidia, alitangaza kununua mali zake za kiteknolojia, na mwaka 2004 akafufua jina lile lile la SLI huku akibadilisha maana yake. Mwaka uliofuata ATI ya Kanada nayo ikaja na CrossFire. Safari hii mgawo uliopendwa zaidi haukuwa wa ngwe, ulikuwa wa zamu: kadi ya kwanza inachora picha ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili inachora ya pili, ya nne, ya sita. Ukipima kwa wastani, idadi ya picha inapanda kweli. Magazeti ya kompyuta ya wakati huo yakajaa majedwali, na vijana wa Ulaya na Marekani wakaanza kufunga kadi mbili, tatu, hata nne kwenye sanduku moja, na vifaa vya umeme vya wati 1000 na kuendelea.

Lakini zamu ina ugonjwa wake. Picha zinaweza kutoka mbili kwa mpigo, kisha pengo, kisha mbili tena. Hesabu inasema 60 kwa sekunde, jicho linasema kuna kitu kinakwamakwama. Halafu kuna suala la kumbukumbu. Kila kadi ililazimika kubeba nakala yake kamili ya ramani na rangi zote za geimu, hivyo kadi mbili zenye megabaiti 512 kila moja hazikukupa 1024. Zilikupa 512, umezilipia mara mbili. Na kibaya zaidi, kadiri geimu zilivyozidi kuwa nzuri ndivyo zilivyozidi kutegemea picha iliyopita ili kuchora inayofuata. Picha ya pili inataka kujua ya kwanza ilikuwaje. Basi kadi ya pili inasimama na jembe begani kumsubiri mwenzake.

Waliofufua SLI ndio walioizika. Nvidia ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haitatengeneza tena mipangilio mipya ya SLI kwa kadi zake za RTX 20 na zilizotangulia. Katika kizazi kilichofuata, tundu la kuunganishia kwa kadi za wachezaji lilibaki kwenye daraja la RTX 3090 tu. RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022 hata tundu hilo halikuwepo. Kwa hiyo rafiki yangu ana mashine inayofaa kuwekwa makumbusho. Nimemwambia, amenuna.

Wengi huishia hapo wakisema wazo la kuunganisha kadi lilikufa. Mimi naona halikufa, lilikosa shamba tu. Geimu ni shamba ambalo ngwe yako haianzi mpaka ya jirani iishe. Yapo mashamba mengine ambayo ngwe hazijuani kabisa, na hapo hata wafanyakazi elfu kumi wasioonana wanaweza kulima siku moja. Mojawapo ya mashamba hayo lilipimwa kwetu.

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy, mkurugenzi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoko mjini Basel, alianzisha maabara ndogo Ifakara, karibu na hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyokuwa chini ya wamisionari Wakapuchini. Maabara hiyo ilikua. Mwaka 1996 ilikuwa kituo cha Kitanzania kinachojitegemea cha utafiti na maendeleo ya afya, na tangu 2008 tunakifahamu kama Taasisi ya Afya Ifakara. Katikati ya safari hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walijikita Namawala, kijiji cha wakulima wa mpunga magharibi mwa mji wa Ifakara.

Kazi waliyofanya pale haikuwa na ufahari wowote. Mitego ya taa ilitundikwa usiku ndani ya nyumba za watu, karibu na vitanda vyenye vyandarua. Asubuhi mbu wakahesabiwa na kupasuliwa kuangalia kama wana vimelea vya malaria. Wanakijiji wakatobolewa vidole, damu ikapakwa kwenye vioo, vioo vikasomwa kwa hadubini. Mara nyingi, kaya baada ya kaya. Hesabu iliyotoka inatisha: mkazi wa Namawala alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku, ukipenda kuiweka hivyo.

Halafu kukawa na fumbo. Mbu wa Namawala walikuja na kuondoka na mvua. Msimu wa mafuriko walijaa, kiangazi wakapungua sana. Ungetarajia vimelea kwenye damu za watu vipande na kushuka pamoja nao. Havikufanya hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kiwango cha vimelea kwa watu kilibaki karibu pale pale mwaka mzima. Mbu wamekwenda, malaria imebaki. Kuumwa leo kunategemea umeumwa mara ngapi jana, mwaka jana, utotoni. Kinga ya mwili nayo inajengeka polepole na kubomoka. Jambo kama hilo huwezi kulimaliza kwa kikokotoo. Mmoja wa waliolishughulikia alikuwa mtakwimu Thomas Smith wa taasisi ile ya Basel, na miaka kadhaa baadaye kundi lake lilijenga kijiji cha bandia.

Kijiji hicho kilikuwa programu. Ndani yake mna watu maelfu wasiokuwepo, kila mmoja na umri wake, kinga yake na vimelea vyake. Muda unasogea kwa hatua za siku tano tano. Katika kila hatua kompyuta inarusha kete: huyu ameumwa au hakuumwa, homa imempata au haikumpata, amefika zahanati au hakufika. Baada ya hapo unaweza kuuliza maswali ambayo kwa watu halisi yangechukua miaka ishirini na maiti nyingi. Tukigawa vyandarua kwa nusu ya watu? Tukileta chanjo inayozuia kiasi fulani tu? Takwimu za kuinyoosha programu zilitoka sehemu mbalimbali za Afrika, na Kilombero ikachangia kwa mapana. Idete, jirani ya Namawala, ilitoa taarifa za watoto wachanga. Ndiko pia ilikojaribiwa chanjo ya SPf66 ya Mkolombia Manuel Patarroyo, ambayo mwaka 1994 iliripotiwa kupunguza malaria kwa asilimia 31, ingawa majaribio ya mahali pengine hayakuipa matumaini. Namawala yenyewe ilitoa umbo la mwaka: mbu wanapanda lini, wanashuka lini. Umbo hilo lilitumika kama kielelezo katika tafiti nyingi za programu hii. Mtu akiuliza chanjo itafanya nini katika kijiji fulani cha Afrika, mara nyingi kijiji hicho kilikuwa na mvua za Namawala.

Tatizo likawa nguvu. Ili kuinyoosha programu lazima uiendeshe upya mara maelfu kwa maelfu, kila mara ukibadilisha namba kidogo na kulinganisha na vioo vya damu vya kweli. Kompyuta za ofisini zingechukua miaka. Lakini angalia uzuri wake: kila mzunguko unajitegemea. Kijiji cha bandia namba 4,000 hakina haja ya kujua kilichotokea namba 3,999. Hakuna wa kusubiriwa. Ni ngwe tupu.

Hivyo mwaka 2005 wanafunzi waliokuwa CERN, maabara ya fizikia iliyoko Geneva, waliirekebisha programu iweze kutumwa kwa vipande kwenye kompyuta za watu wa kawaida majumbani, kwa kutumia mfumo wa BOINC wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mradi ukaitwa malariacontrol.net, na ukazinduliwa rasmi Julai 2006. Unapakua programu, unaenda zako kulala, kompyuta yako inachukua kijiji kimoja cha bandia, inakipitisha kwenye miaka yake ya malaria, inarudisha jibu. Kipande kimoja hupewa zaidi ya kompyuta moja ili majibu yalinganishwe, maana kompyuta ya mtu asiyefahamika huwezi kuiamini hivi hivi. Katika majaribio ya mwanzo, watu 500 wa kujitolea walifanya ndani ya miezi michache kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka 150.

Niseme wazi, malariacontrol.net ilitumia prosesa ya kawaida ya kompyuta, si kadi ya michoro. Kadi zilikuwa zinaingia kwenye kazi za namna hii kupitia mlango wa pili: Oktoba 2006, miezi mitatu baada ya uzinduzi ule, mradi mwingine wa kujitolea, Folding@home, ulianza kutumia kadi za ATI kuchunguza protini zinavyojikunja. Mchezo wenyewe ulikuwa mmoja. Wale wale waliopenda kusukuma mashine zao mpaka ziunguze meza ndio walioipenda BOINC, kwa sababu ilitoa pointi. Kila kipande ulichomaliza kilikuandikia alama, kukawa na ligi, timu, na mabingwa wa nchi.

Hapo ndipo ninapokwama kidogo. Mtu wa Ujerumani aliyeacha kompyuta yake ikichemka usiku kucha alipata pointi, na jina lake likapanda kwenye orodha. Mama wa Namawala aliyeruhusu mtego wa taa karibu na kitanda chake, akamshika mwanawe atobolewe kidole kwa mara ya nne, hakuwa na orodha ya kupanda. Wala asingeweza kujiunga na ule upande wa pili. Mwaka 2006 intaneti yetu ilipitia satelaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Nyaya ya SEACOM chini ya bahari ilifika Julai 2009. Ungeacha kompyuta ya mgahawa wa intaneti Ifakara ikipiga hesabu za malaria usiku mzima? Mwenye mgahawa angekufukuza.

Sisemi waliibiwa. Ningekuwa mwongo. Vyandarua vya mradi wa KINET, vilivyouzwa kwa nafuu Kilombero na Ulanga kuanzia miaka ya 1990 kwa jina la Zuia Mbu, vilitokana na utafiti wa watu hao hao, na vifo vya watoto vilipungua. Programu yenyewe, ambayo sasa inaitwa OpenMalaria, ilikuwa mojawapo ya nne zilizolinganishwa kukadiria manufaa ya chanjo ya RTS,S, ile iliyojaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe, na ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Kwa hiyo kidole cha Namawala kilifika mbali. Nataka tu kijulikane kilifika. Sisi waandishi tumekwenda Ifakara mara ngapi kuripoti mafuriko ya Lumemo na kivuko kuzama, tukarudi bila kuuliza ile maabara ina nini ndani?

Mradi wa malariacontrol.net ulifungwa mwaka 2016. Wakati huo kadi za michoro zilikuwa zimeshapata shamba lao jipya. Mwaka 2012 watu watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, waliifundisha kompyuta kutambua vitu kwenye picha kwa kutumia kadi mbili za geimu aina ya GTX 580, za dukani kabisa. Kumbukumbu ya kadi moja haikutosha, hivyo waliukata mtandao wa neva nusu kwa nusu, kila kadi nusu yake, na kuziacha kadi ziongee katika hatua chache tu. Mafunzo yalichukua siku tano au sita. Unaona walichofanya? Badala ya kuzilazimisha kadi zisubiriane kila milisekunde 16, walipanga kazi ili zisisubiriane. Akili bandia yote tunayoizungumzia leo imepita kwenye mlango ule.

Na mlango huo nao umerudi Ifakara. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Doreen Siria wa Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzao wa Glasgow na Burkina Faso, walichapisha njia ya kumulika mbu kwa mwanga wa infraredi na kuiachia mashine iseme ni wa jamii gani na ana umri gani. Mbu zaidi ya 40,000 walitumika kuifundisha, na mtandao wa neva uliotumika ni wa ukoo ule ule wa Toronto. Umri wa mbu ni jambo kubwa, kwani mbu kijana hajaishi muda wa kutosha vimelea kukomaa ndani yake. Mzee ndiye muuaji. Zamani umri uliujua kwa kupasua mbu mmoja mmoja chini ya hadubini. Safari hii jina la kwanza kwenye makala ni la Mtanzania.

Bado kuna swali la nani ana mashine. Kadi za kisasa za kazi hizi zinauzwa bei ya nyumba na zinakula umeme kama kiwanda. Umeme, jambo la kuchekesha, bonde linao. Kidatu inafua megawati 204, Kihansi 180, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere tangu 2024 yanatoka mto Kilombero. Maji yanashuka, umeme unapanda kwenda Dar. Takwimu nazo zilifuata njia inayofanana na hiyo, ila zenyewe zilivuka bahari.

Namawala ya leo si ile. Mbu aliyeitwa Anopheles gambiae, aliyekuwa mfalme wa bonde miaka ya 1990, amekaribia kutoweka kwa sababu ya vyandarua, na sehemu kubwa ya malaria iliyobaki inaenezwa na Anopheles funestus, ambaye dawa za kawaida hazimtishi sana. Watoto waliotobolewa vidole wana watoto wao. Lakini ndani ya programu ile mvua za 1990 zinaendelea kunyesha kwa ratiba yake, mbu wanapanda na kushuka, hatua kwa hatua ya siku tano. Msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuupakua na kubadilisha namba. Nimeupakua kwenye ile mashine ya mtumba ya rafiki yangu. Haitumii hata moja ya zile kadi zake mbili, na amenuna tena.